Penye Wengi Pana Mengi

Mchezo uliotungwa na kikundi kizima hauwezi kudanganya kwa urahisi. Nalisema hili nikifikiria vikundi vya maigizo vya mwambao wa Ziwa Victoria, kuanzia Muhuru Bay huko Migori hadi Mbita, Homa Bay.

Chukua suala la jaboya: mama mchuuzi anadaiwa mapenzi na mvuvi ndipo auziwe samaki. Mtunzi aliyejifungia chumbani angemfanya mvuvi kuwa shetani na mchuuzi kuwa wa kuhurumiwa, basi. Kikundi hakimpi nafasi hiyo. Waigizaji wawili wanasimama mazoezini bila kuandikiwa neno, wanaigiza mapatano ya alfajiri mashua zinapotia nanga. Aliyekulia ufuoni anawakatiza: mama hawezi kukataa kwa wepisi huo, wanunuzi wamejaa na omena ni kidogo. Wanarudia. Karo ya mtoto inaingia katika mazungumzo; mvuvi naye anapata mwenye mashua anayemdai. Mwongozaji anapunguza hapa, anaunga pale. Ufundi wenyewe uko hapo: kukubali wazo lako tamu litupwe kwa kuwa la mwenzako lina ukweli zaidi.

Mbele ya watu utunzi unaendelea. Kuna mtindo uliozoeleka magharibi mwa Kenya wa kukatiza mchezo pale mhusika anapokwama, kisha hadhira inaulizwa afanye nini. Mwenye jibu huingia uwanjani akaliigiza, na mara nyingi hugundua kwamba kutoa ushauri ni rahisi kuliko kuutenda.

Ufundi huu una heshima yake katika historia. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamiriithu, Limuru, waliisahihisha rasimu ya mchezo wa Ngaahika Ndeenda wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, kwa kuwa maisha ya vibarua waliyajua wao. Serikali iliupiga marufuku mchezo huo mwaka huohuo. Tanzania nako, Amandina Lihamba, Ndyanao Balisidya na Penina Muhando walitunga kwa pamoja mchezo wa Harakati za Ukombozi.

Kwa hiyo nawasihi wafadhili na serikali za kaunti: msiwapelekee wasanii ujumbe uliokwisha kuandikwa ofisini ili waukariri. Wapeni ukumbi, nauli na muda wa mazoezi, kisha njooni mketi msikilize. Wenye maisha yanayoigizwa ndio watunzi wa mchezo.