Tambi za Kale na Hukumu ya Ulimi

Ya kale ni dhahabu, husema wahenga. Lakini dhahabu nayo hupimwa. Huko Singapore wazee hulalamika kwamba tambi za leo hazina ladha ya zile za wachuuzi wa njiani, waliopita mitaani wakigonga vipande vya mwanzi kuwaita wateja. Je, lawama hiyo ni ya haki?

Kwa sehemu, ndiyo. Mahali pengi moto wa makaa umeipisha gesi. Mafuta ya nguruwe, yaliyozitia tambi harufu yake, yamepunguzwa kwa ajili ya afya. Na tambi nyingi hutoka kiwandani. Lakini kumbukumbu hiyo huficha nusu ya habari. Wachuuzi wale hawakuwa na maji ya bomba: vyombo vilioshwa ndooni, na taka zikaishia mtoni. Ndiyo maana kati ya 1971 na 1986 serikali iliwahamishia katika vituo vyenye maji safi na mifereji ya maji machafu.

Mwaka 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni huo katika orodha yake ya urithi usioshikika. Heshima hiyo ni njema, ila haikaangi tambi. Wapishi wanazeeka, vijana wengi huikimbia kazi ya jasho jingi na faida haba, na mlaji anayeililia ladha ya kale hunung'unika bei ikipanda kidogo. Basi kosa si kuyapenda ya kale, bali kuyapenda bila kuyalipia. Aitakaye sahani ya jana, na ampe mpishi wa leo ujira wake.