Fundi Asikilizaye

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, huko Kibokoni ambako vichochoro ni vyembamba hata mikokoteni miwili haiwezi kupishana, wangaliko mafundi wachache wa kompyuta ambao, wakiletewa mashine iliyokataa kuwaka, hawatangulizi bisibisi bali maswali: jana ilizimwa vipi, umeme ulikatika saa ngapi, na ni nani aliyeihamisha kutoka meza ile. Mwenye mashine, aliyekuja na kauli yake moja tu, "Fundi, nitengezee hima," huona udhia kuhojiwa hivyo, ilhali aghalabu jibu lake moja la kupuuza ndilo lililobeba ile kebo iliyolegea au ule umeme uliorudi kwa kishindo.

Kisha kifuniko hufunguliwa, na hapo fundi huomba kimya, hata muuza kahawa apitaye akigonganisha vikombe vyake huambiwa asubiri kidogo. Tangu IBM ilipotoa kompyuta yake ya mezani mwaka 1981, mashine za ukoo ule zina ada ya kujikagua zenyewe kabla ya kuamka, na zikiona kasoro wakati skrini ingali kiza, hulia. Mlio mmoja mfupi, katika nyingi za zamani, ni habari ya siha; milio mirefu ifuatanayo bila ya kikomo mara nyingi ni habari ya kasoro ya kumbukumbu. Fundi huinamisha sikio kama mkalafati agongaye ubao wa jahazi akitafuta palipooza, naye hamwamini mtu amsimuliaye mlio ambao yeye mwenyewe hakuusikia.

Ikiwa ni kumbukumbu, huchomoa kile kibao chembamba, akakishika kwa kingo tu ili jasho la vidole lisiongeze taksiri juu ya ile ya hewa ya bahari, ambayo katika kisiwa chetu hailali: kusi au kaskazi, unyevu na chumvi huingia madirishani na kuacha utando juu ya meno ya kibao. Meno hayo huyasugua kwa ufutio wa penseli, ule ule wa watoto wa shule, polepole, kwa mwelekeo mmoja, akapuliza mahali pake, akakirudisha mpaka vishikizo vya pembeni vilie. Ni mara ngapi watu wameuziwa kumbukumbu mpya kwa maradhi ambayo yangaliondoka kwa ufutio wa shilingi chache!

Na kama mashine inawaka lakini inasimama njiani, ikidai kwamba leo ni siku ya mwaka uliokwisha kupita zamani, fundi hucheka, akaitoa ile betri ya duara ya volti 3 iliyokufa, akatia nyingine, akaipangia saa. Ikiwa bado, huondoa kila kisicho cha lazima, akabakisha madabodi, prosesa, kibao kimoja cha kumbukumbu na kisanduku cha umeme, kisha akarudisha kimoja kimoja hadi mkosaji ajulikane.

Siku hizi, kijana aliyejifunza kazi kwa pupa hufuta diski nzima kwanza na kuuliza baadaye, zikaangamia picha za harusi na hesabu za duka, na huku diski yenyewe haikuwa na ila. Lakini si haki kumlaumu yeye peke yake, kwa sababu watengenezaji nao wamefunga milango: katika kompyuta nyingi za mkononi kumbukumbu imechomelewa kwenye madabodi, haichomoki wala haisuguliki, na madabodi mpya za mezani mara nyingi huuzwa bila ya kile kipaza sauti kidogo kitoacho milio. Zilizo bora zina vitaa vya kuonyesha mahali palipokwama; za bei nafuu, ambazo ndizo zinunuliwazo hapa, nyingi hazina hata hivyo vitaa.