Yaya ni Nani? Ukalimani wa Simu na Kiswahili cha Kisangani

Kampuni za ukalimani wa mbali hugawa kazi kwa majina ya lugha. Mkimbizi kutoka mjini Kisangani akifika kwa mwanasheria huko Marekani, huandikwa kwamba lugha yake ni Kiswahili. Simu hupigwa, na mkalimani aliye Mombasa, Dodoma au Ohio huipokea. Yafaa jina hilo lihakikiwe. Katika mwaka wa fedha wa 2016 pekee Marekani iliwapokea wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka Kongo.

Tuchukue mifano miwili. Msemaji anaeleza, "Yaya ndiye alinilea." Katika Kiswahili sanifu yaya ni mtumishi anayelea watoto wa watu. Mashariki mwa Kongo yaya ni ndugu mkubwa, awe wa kiume au wa kike. Mkalimani akifuata kamusi, dada anayeombewa kibali cha kuungana na jamaa zake amekwisha kugeuka mfanyakazi wa nyumbani. Mfano wa pili ni mzito zaidi: "Watu ya Leta walikuja usiku." Leta ni dola, neno lililotokana na Kifaransa. Sikio la pwani husikia kitenzi "kuleta", halioni pa kukiweka, na hukiacha. Kinachomfikia mwanasheria ni kwamba watu walikuja usiku, labda wezi. Ilhali katika madai ya ukimbizi, chini ya Mkataba wa 1951, suala la nani aliyemtesa mtu ndilo linaloweza kuamua kesi.

Wapo watakaosema kwamba kosa ni la msemaji, kwa kuwa Kiswahili chake "kimeharibika". Hoja hii haina mashiko. Kiswahili kiliingia maeneo hayo na misafara ya biashara ya karne ya 19. Mwaka 1887 Tippu Tip alifanywa liwali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Tangu hapo kimekua kwa kanuni zake, kikikutana na Lingala iliyopanda mto kutoka magharibi. Nico Nassenstein alikieleza katika kitabu cha mwaka 2015, na orodha ya kimataifa ya misimbo ya lugha hukipa Kiswahili cha Kongo msimbo wake, swc, mbali na swh wa pwani. Kampuni zikitaka kutenganisha, njia ipo.

Hata hivyo tusiibeze lahaja sanifu. Istilahi za mahakama na tiba zimesanifiwa huko, na mkalimani asiyezijua atakwama upesi. Udhaifu tunaouona uko katika namna maadili ya kazi yanavyofasiriwa. Mkalimani huagizwa asiongeze wala asipunguze neno, naye hudhani kwamba kuuliza ni kuongeza. Ana kwa ana, uso wa msemaji ungemwonya. Kwenye simu hana ila sauti, tena mara nyingi mbovu. Na kwa kuwa malipo aghalabu huhesabiwa kwa dakika, kila kituo huonekana hasara kwa mteja.

Ilhali kuuliza kunaruhusiwa, mradi mkalimani amjulishe mwanasheria kwanza kwamba anataka ufafanuzi wa neno. "Huyo yaya, mlizaliwa mama mmoja?" Swali hilo huchukua sekunde tatu.