Wabeba Kisanduku

Mwaka 1974 huko Uingereza, Shirley Nolan alianzisha rejista ya wachangiaji uboho, ya kwanza duniani, akimtafutia mwanawe Anthony mtu wa kulandana naye. Mtoto alifariki 1979, mtu huyo hakupatikana. Kazi haikusimama, na shirika linaitwa Anthony Nolan hadi leo.

Wapo wanaojitolea kwenda vyuoni kuwaandikisha vijana. Nawashukuru, hasa wanaowafikia watu wa asili ya Afrika, maana sisi tuko wachache mno kwenye rejista, na mgonjwa wetu hutafutiwa mchangiaji kwa taabu.

Lakini wanaonigusa zaidi ni wasafirishaji. Mtu huacha nyumba yake, hupokea hospitalini kisanduku cha baridi chenye seli shina za mchangiaji, na tangu hapo hakibanduki ubavuni mwake. Hakipitishwi kwenye eksirei, hakitupwi kwenye mizigo. Safarini usingizi wenyewe ni wa mang'amung'amu: kule aendako, uboho wa mgonjwa wa saratani ya damu umeshateketezwa kwa dawa kali, na seli hizo haziishi siku nyingi nje ya mwili.

Akifika hukabidhi, hutia sahihi, hurudi zake. Jina la mgonjwa haambiwi.