Kurudi, Kurudia na Kurudiwa: Msamiati wa Kanuni za Masomo na Fundisho la Molo

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuitafuta kazi yao katika diwani, riwaya na tamthilia. Ni nadra kumwona mhakiki akichukua kijitabu cha kanuni za masomo, kile anachokabidhiwa mwanafunzi siku ya kujiandikisha chuoni, na kukisoma kwa makini yaleyale anayosomea utenzi. Hata hivyo maandishi hayo yana wasomaji wengi kuliko diwani nyingi, na neno moja ndani yake laweza kumwongezea mtu mwaka mzima wa masomo au kumfungia mlango wa kazi. Makala haya yanakusudia kuchunguza neno moja tu miongoni mwa maneno hayo, nalo ni ‘kurudia’: jinsi linavyotumika kwa mwanafunzi anayechukua upya mtihani, somo au mwaka, na jinsi historia ya Molo, katika Bonde la Ufa la kati, inavyoidhihirisha kasoro ya matumizi hayo.

Yafaa kwanza kanuni zenyewe zielezwe. Katika vyuo vikuu vya umma vya Kenya desturi iliyoenea ni kwamba mwenye alama 70 na zaidi hupata gredi ya A, na aliye chini ya 40 huhesabiwa kuwa ameanguka. Aliyeanguka hupewa mtihani wa pili, ambao wanafunzi huuita ‘sapu’, na ambao Tanzania huitwa pia mtihani wa marudio. Katika vyuo vingi alama za mtihani huo haziruhusiwi kuvuka kiwango cha chini cha kupita. Hata mtahiniwa akijibu kwa namna inayostahili alama 75, huandikiwa 40. Akishindwa tena, hujiandikisha upya katika somo lilelile, akaketi na waliomfuata nyuma na kulipa karo mara ya pili. Masomo yaliyomshinda yakizidi idadi iliyowekwa, huurudia mwaka au huondolewa chuoni kabisa, jambo ambalo wanafunzi wa Tanzania wamelibunia kitenzi chao, ‘kudisko’. Zaidi ya hayo kuna daftari la kujiandikisha: ambaye jina lake halimo hana alama, hata kama alihudhuria tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Kanuni hizi zimeandikwa kwa Kiingereza. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha mbili rasmi. Pamoja na hayo, mwanafunzi wa idara ya Kiswahili anaweza kuandika tasnifu yake yote kwa Kiswahili, akaitetea kwa Kiswahili, kisha akaarifiwa kwa Kiingereza kwamba ameanguka. Basi wanafunzi wamejitengenezea msamiati wao: sapu, kuripiti, kudisko. Msomi anayeyacheka maneno haya kuwa ni ya mitaani hana budi kukumbuka kwamba yalizaliwa mahali ambapo wasomi waliacha pengo. Na jambo la kuangaliwa zaidi ni kwamba mwanafunzi alipotaka kutamka ‘kuripiti’ lugha ilikwisha kuwa na neno, nalo ni ‘kurudia’. Kwa nini alilikwepa?

Huenda jibu limo katika maana za kitenzi chenyewe. ‘Rudi’ ni kwenda ulikotoka. Katika kauli ya kutendea huwa ‘rudia’, yaani kulifanya jambo upya. Lakini ‘rudi’ ina maana nyingine ambayo wazee wa pwani hawajaisahau: kumrudi mtoto ni kumtia adabu, ama kwa maneno ama kwa kiboko. Vitenzi hivi viwili vikitiwa katika kauli ya kutendwa hukutana katika umbo moja, ‘rudiwa’. Mtihani hurudiwa, na mtoto mkaidi naye hurudiwa. Kwa bahati hiyo ya sarufi, kufanya upya na kuadhibiwa vimevaa kanzu moja, na msikilizaji huachiwa muktadha umwambie ni kipi kinachokusudiwa. Kanuni za chuo, ingawa ziliandikwa kwa lugha nyingine, zimefanya lilelile ambalo umbo hili linafanya: zimekuchukua kurudia na kukugeuza kuwa kurudiwa. Kushusha alama kutoka 75 hadi 40 si kipimo cha maarifa ya mtu, bali ni kiboko.

Hata hivyo Kiswahili hakikuanza hivyo. Maneno yake mengi ya elimu yanakuona kurudia kuwa ndiyo njia ya kujifunza. ‘Kariri’, neno litokalo katika Kiarabu, ni kusema au kusoma tena na tena hadi jambo lishike moyoni. Tanzania husemwa hata ‘kukariri darasa’. ‘Darasa’ na ‘durusu’ ni ndugu wa mzizi mmoja, na kudurusu ni kuyapitia upya yaliyokwisha kusomwa. Katika vyuo vya Kurani vya pwani mtoto hurudishwa kwenye sura ileile mpaka aihifadhi, ndipo aendelee hadi ahitimu. Na ‘kuhitimu’ asili yake ni kufika mwisho, wala hakuulizi umefika kwa safari ngapi. Methali nayo inasema kwamba papo kwa papo kamba hukata jiwe. Hapana anayedai kwamba jiwe lililokatwa kwa mvuto wa mia limekatika nusu.

Hapa ndipo historia ya Molo inapoingia. Mji huo uko kando ya reli iendayo Kisumu, baada ya Njoro na Elburgon, katika nyanda za juu ambazo ukoloni uliwatengea walowezi wa Kizungu. Baada ya uhuru mashamba hayo yaligawanywa na kununuliwa na watu wa makabila mbalimbali, na ni nchi ya baridi, ya viazi, pareto na kondoo. Ni nchi pia ambayo watu wake wamelazimishwa kuanza upya mara kwa mara. Mapigano ya kikabila yaliifikia Molo mwaka 1992. Na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Molo na jirani yake Kuresoi zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia mno. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyoundwa kuchunguza machafuko hayo, ilihesabu vifo 1,133 nchini kote. Kambi iliyokuwa katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru ilipokea maelfu ya waliokimbia.

Machafuko ya 2008 yalitukia majuma yaleyale ambayo mwaka mpya wa shule ulikuwa ukifunguliwa. Kwa hiyo mtoto wa Molo aliyekuwa aingie darasa la saba hakupoteza nyumba peke yake. Alipoteza pia nafasi yake katika daftari la shule. Aliyepata shule nyingine katikati ya mwaka aliweza kuambiwa aanze upya darasa alilokwisha kulimaliza, kwa sababu hakuwa na hati, au kwa sababu mwalimu hakuwa na njia ya kumpima. Mtoto huyo alirudia darasa, lakini hakuwa ameanguka. Tangu siku hiyo neno lilelile lililomhusu mvivu likawa linamhusu na yeye, na umri wake, uliozidi wa wenzake, ukawa shahidi wa uongo dhidi yake.

Mwezi wa Mei 2008 serikali ilianzisha mpango wa kuwarejesha waliokimbia, ikauita Operesheni Rudi Nyumbani. Mhakiki wa lugha hawezi kulipita jina hilo bila kusimama. Liliwekwa katika hali ya kuamuru, nalo likadhani kwamba mahali pa kurudia pangalipo kama palivyoachwa. Wengi walirudi, ila walipiga mahema karibu na mashamba yao, si katika nyumba zao, kwa kuwa nyumba zilikuwa zimekwisha kuteketea. Kosa la jina hilo ndilo kosa la kanuni za masomo: yote mawili yanamhesabu arudiye kuwa ni yuleyule aliyeondoka, na mahali kuwa ni palepale, na sababu ya kuondoka kuwa haina haja ya kuandikwa.

Yaweza kujibiwa kwamba sheria imekwisha kulitatua jambo hili. Ni kweli kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 35, inakataza mwanafunzi kuzuiliwa katika darasa lolote. Na ni kweli kwamba vyuo vikuu vina mtihani maalumu kwa aliyeugua au kufiwa, ambao alama zake huandikwa zote bila kupunguzwa. Lakini sheria ile haivuki mlango wa chuo kikuu. Na mtihani maalumu hutolewa kwa mwenye barua ya daktari au ushahidi mwingine ulioandikwa. Aliyetoka nyumbani usiku huku paa likiwaka hakubeba barua. Kanuni inayomtambua mwenye msiba kwa karatasi peke yake imewachagua wale ambao msiba wao ulikuwa na adabu ya kungoja karani.

Mwaka 2020 ulitoa ushahidi wa namna nyingine. Shule za Kenya zilifungwa mwezi wa Machi kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, na mwezi wa Julai Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, akatangaza kwamba mwaka huo wa shule ungehesabiwa kuwa umepotea na wanafunzi wangerudia madarasa yao mwaka 2021. Tangazo hilo halikutimizwa kama lilivyotolewa: gredi ya nne na watahiniwa walirudi shuleni Oktoba, na wengine Januari 2021, wakaendelea walipoachia. Lakini kwa miezi michache taifa zima la wanafunzi lilikuwa limehukumiwa kurudia darasa, na tangazo lenyewe halikumwita yeyote mjinga. Mwaka ndio uliosemwa kuwa umepotea, si mtoto. Yaani lugha iliweza kutenganisha kurudia na kushindwa pale msiba ulipowagusa wote. Watoto wa Molo wa 1992 na wa 2008 walipotelewa na mwaka vilevile. Lakini walikuwa wachache, na hapana aliyeutangaza mwaka wao kuwa ndio uliopotea.

Kuna hoja nzito ya upande wa pili, na si haki kuipuuza. Aliyepita mara ya kwanza kwa alama 55 atalalamika akimwona mwenzake aliyeanguka akipata 75 baada ya kupewa muda wa ziada, na malalamiko yake yana msingi. Lakini dawa yake si kuandika uongo. Alama ni kauli. Inatoa habari kwamba mtu fulani, siku fulani, alijua kiasi fulani. Chuo kinachojua kwamba mtahiniwa amepata 75 na kuandika 40 kimetoa habari isiyo ya kweli juu ya maarifa, ili kitoe habari ya kweli juu ya historia. Mambo hayo mawili yangeweza kuandikwa katika safu mbili: alama ni hii, na mtihani ulifanywa mara ya pili. Msomaji wa hati ya matokeo ataamua mwenyewe lipi lina uzito kwake. Mkulima wa viazi wa Molo ambaye baridi imemharibia mimea hupanda tena, na sokoni gunia lake hupimwa kwa mizani ileile ya jirani yake. Bei inaweza kupungua kwa kuchelewa, lakini kilo hazipunguzwi.

Wahakiki wa ushairi wanalijua jambo hili kuliko watu wengine. Takriri, ambayo wanawafundisha wanafunzi wao kuitambua na kuisifu, ni kurudiwa kwa neno au mshororo, na kila mhakiki anakubali kwamba mshororo uliorudiwa si uleule wa kwanza: umekwisha kupita katika yaliyosemwa kati ya hapo, ukapata uzito mpya. Ingekuwa ajabu kwa mhadhiri kuisifu takriri asubuhi darasani, kisha alasiri katika kikao cha mitihani akaidhinisha kwamba kila kilichorudiwa thamani yake ni 40.

Kinachotakiwa, basi, ni kwamba idara za Kiswahili ziandike kanuni zao kwa Kiswahili, na katika kuziandika zitenganishe yale ambayo neno moja limeyafunga pamoja. ‘Kurudia’ kungebaki kwa aliyeanguka na kupewa nafasi nyingine. ‘Kurejea’ kungetumika kwa aliyekatizwa na jambo lisilo hiari yake, naye angeendelea kutoka pale alipofika. ‘Kukamilisha’ kungemhusu aliyesoma na kupimwa lakini sehemu ya kazi yake ikakosekana. Ikiwa kuna adhabu, kwa mfano kwa aliyeiba mtihani, iitwe adhabu, wala isifichwe ndani ya neno la masomo. Istilahi hizi hazihitaji kubuniwa; zimo kinywani mwa kila msemaji, na kazi iliyobaki ni kuziwekea mipaka.

Kazi hiyo ingefaa kuanza karibu na Molo kwenyewe. Safari fupi kutoka huko, pale Njoro, kuna Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka 1939 kikiwa shule ya kilimo na kupata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 1987. Chuo kilicho katika eneo hilo kina sababu ya kujua tofauti kati ya aliyechelewa kwa uvivu na aliyechelewa kwa kukimbia. Mradi hati ya matokeo haina neno la kuwatenganisha watu hao wawili, mwajiri atakayeisoma kesho atawaona ni mtu mmoja, na atamwacha nje yule ambaye kosa lake lilikuwa kuishi Molo mwaka 2008.