Mkato Safi wa Mpira wa Waya

Malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Rwanda na Burundi hupita wilaya ya Biharamulo, mkoani Kagera, kwa njia ya Nyakanazi, Lusahunga na Nyakahura, kisha huingia Ngara na kuachana: mengine hushika ya Rusumo, mengine ya Kabanga. Wilaya hiyohiyo ndiyo yenye Tulawaka, mgodi wa dhahabu ulioanza uzalishaji mwaka 2005. Kata ya Nemba ya wilaya hiyo, basi, imo katika nchi ya magari mazito na mashine za kuchimba, na nyingi ya mashine hizo hutegemea mpira uliosukwa waya. Huo ndio unaobeba oili, dizeli na nguvu ya haidroliki pale ambapo bomba la chuma lingekatika kwa mtikisiko.

Ninayemsifu hapa, hata hivyo, si fundi wa mgodini. Ni mtu wa huko mwenye pikapu kuukuu uani, anayeifufua kidogo kidogo kila maharage yanapouzika, na ambaye siku moja anafikia mpira wa oili uendao kwenye rejeta ndogo ya kupoozea. Wa dukani ni mfupi au haupo. Anaamua kukata wake.

Kabla ya kukata, mpira wenyewe unastahili kutazamwa. Ndani kuna koo laini la mpira au la plastiki ngumu, na juu yake nyuzi za waya zimepishana juu na chini kama ukili wa mkeka. Nyuzi hizo hazikulazwa ovyo. Oili yenye presha inasukuma ukuta wa mpira kwenda nje kwa nguvu maradufu ya ile inayouvuta kwa urefu. Waya ukilazwa karibu na mstari wa urefu, mpira utavimba na kufupika. Ukizungushwa sana kama pete, utarefuka. Katikati ya hayo kuna pembe moja, digrii 54.7 kutoka mstari wa urefu, ambapo nguvu mbili hizo zinalingana na mpira unatulia. Wasukaji wa viwandani huilenga pembe hiyo. Kwa msuko wa namna hiyo, mpira wa nusu inchi wenye tabaka mbili za waya hubeba presha ya kazi ya baa 275, wakati oili ya injini ya kawaida haihitaji zaidi ya baa chache. Nikiushika mpira huo mkononi, mwepesi na unaopinda, huwa nauheshimu.

Lakini msuko huo una nguvu ukiwa mzima tu. Ukikatwa vibaya, nyuzi zinafumuka pande zote, zinachoma vidole, na haziingii tena kwenye fitingi. Ndiyo maana kazi yote imesimama kwenye mkato. Mwenye subira anaupima mpira ukiwa umelazwa mahali pake garini, injini ikiwa imefungwa, na anaongeza kidogo kwa ajili ya mtikisiko na kwa sababu mpira hubadili urefu ukipata presha. Kisha anazungusha tepu nyeusi ya umeme, mizunguko kadhaa, akiivuta hadi ikaze. Anatia alama katikati ya tepu. Anakata kupitia tepu yenyewe, kwa jiwe jembamba la grenda au msumeno wa chuma wenye meno 32 kwa inchi, bila kuukandamiza, akiuacha msumeno ujiendee. Mkato unaotoka ni wa mraba na unang'aa, kila ncha ya waya imelala mahali pake. Anayeona kwa mara ya kwanza anaweza kudhani ni kazi ya kiwandani.

Baada ya hapo ni kusafisha. Chembe moja ya mpira au ya chuma iliyobaki ndani itasafiri hadi kwenye beringi za injini, na vumbi jekundu la Kagera halihitaji kualikwa. Hewa ya kompresa hupulizwa kutoka pande zote mbili, na ncha huzibwa mpaka wakati wa kufunga.

Fitingi ya kufunga kwa mkono ina vipande viwili, kikombe na nipo, yaani kipande chenye nati kinachoingia ndani ya mpira. Mpira unasukumwa ndani ya kikombe hadi uguse mwanzo wa uzi wake wa ndani, na hapo mwenye akili anachora mstari kwa kalamu ya wino mzito, pale mpira unapokutana na mdomo wa kikombe. Nipo inapakwa oili na kukazwa. Inapoingia, inautanua mpira na kuubana kwenye ukuta wa kikombe, lakini pia inaweza kuusukuma utoke polepole bila mtu kugundua. Ule mstari wa kalamu ukisogea, kazi inarudiwa. Usiposogea, anaendelea mpaka ibaki nafasi ya kama milimita moja kati ya nati na kikombe. Mstari huo wa wino ndio ninaoupenda kuliko hatua zote: haugharimu chochote, na ndio shahidi pekee wa kitu kilichofichwa ndani ya chuma.

Yapo ya kuangalia wakati wa kufunga garini. Fitingi nyingi za mipira hii zina koni ya digrii 37, na zipo nyingine za digrii 45 ambazo katika baadhi ya saizi zina uzi uleule. Zitafungana vizuri kabisa, kisha zivuje. Mstari ulioandikwa ubavuni mwa mpira unatakiwa uende moja kwa moja, kwani ukizunguka ujue mpira umesokotwa na hautadumu. Na waya wa nje hula chochote unachogusa, aluminiamu hasa, kwa hiyo mpira ufungwe mbali na mabati na mabomba.

Mpira wa oili na wa kupoozea jikatie uani kwako, kwa subira hiyo. Wa breki usijaribu. Breki zikikanyagwa kwa nguvu presha hupita baa 70, na mpira usio wa kazi hiyo unaweza kuharibiwa na mafuta ya breki yenyewe. Nenda kwa fundi mwenye mashine ya kubana fitingi, chukua na mpira wa zamani ili alinganishe uzi na urefu, na mwambie aupime kwa presha ukiwa umesimama hapo, kabla hujamlipa. Na popote unapotafuta uvujaji kwenye mpira wenye presha, pitisha kipande cha boksi, kamwe usipitishe mkono: mafuta yanayotoka kwenye kitundu chembamba hupenya ngozi, na aliyepenyezwa anatakiwa hospitali mara moja hata kama jeraha halionekani.