Kioo Kinachosahihishwa: Sosholojia ya Umma katika Nitaolewa Nikipenda

Katika uhakiki wa Kiswahili, kauli kwamba fasihi ni kioo cha jamii imekaririwa kiasi cha kukoma kuulizwa maswali. Kauli hiyo huichukulia jamii kuwa kitu kilichosimama kimya mbele ya mwandishi, naye mwandishi kuwa ndiye pekee mwenye macho. Tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, Ngaahika Ndeenda, iliyotolewa kwa Kiswahili mwaka 1982 kwa jina la Nitaolewa Nikipenda, inaitikisa dhana hiyo, hasa kwa namna ilivyotungwa.

Michael Burawoy, katika hotuba yake ya urais wa chama cha wanasosholojia wa Marekani mwaka 2004, alitofautisha aina mbili za sosholojia ya umma. Ya kwanza humfikia msomaji asiyejulikana kupitia vitabu na magazeti. Ya pili hufanywa bega kwa bega na kundi mahususi, kama vile chama cha wafanyakazi au wakazi wa mtaa, na humo mtafiti hufundisha na kufundishwa. Kamĩrĩĩthũ, kijiji cha Limuru, kilikuwa kimeitenda aina hii ya pili miaka 27 kabla haijapewa jina.

Mchezo ulichipuka kutokana na madarasa ya kisomo cha watu wazima. Rasimu ilipopelekwa kwa wanakijiji mwaka 1977, haikupokewa kama msahafu. Wazee walikataa lugha isiyolingana na umri wa wahusika, na wafanyakazi wa viwandani walieleza mchakato wa uzalishaji na hesabu ya ujira wao. Kwa hiyo maneno ya Gĩcaamba kuhusu jasho la mfanyakazi na faida ya tajiri hayapaswi kuhakikiwa kama hotuba ya mwandishi iliyobandikwa kinywani mwa mhusika, shutuma ambayo tamthilia hii imerushiwa mara nyingi mno. Ni data, na waliozitoa ndio waliopanda jukwaani kuzitamka. Hata hati ya shamba la Kĩgũũnda, ekari moja na nusu tu, iliyotundikwa ukutani na hatimaye kuwekwa rehani benki kwa ajili ya harusi ya kanisani, ilikuwa habari inayoeleweka bila tanbihi katika kijiji kilichozaliwa na Hali ya Hatari.

Tofauti ya aina hizo mbili ilipimwa na dola yenyewe. Julai 1977 riwaya ya Petals of Blood, ambayo haina upole wowote kwa tabaka tawala, ilizinduliwa Nairobi na Mwai Kibaki, aliyekuwa Waziri wa Fedha. Miezi minne baadaye, tarehe 16 Novemba, kibali cha kuonyesha Ngaahika Ndeenda kilifutwa, na kabla ya mwaka mpya Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa kizuizini. Maudhui ya kazi hizo mbili yanakaribiana. Kilichobadilika ni lugha na hadhira, pamoja na ukweli kwamba hadhira hiyo ilikuwa pia mtunzi. Mwaka 1982 ukumbi wa wazi waliojijengea wanakijiji ulibomolewa.

Hata hivyo, ushirikishwaji huo una doa. Gathoni, anayetiwa mimba na kutelekezwa na mwana wa tajiri Kĩoi, ndiye anayebeba mwilini mwake mgogoro wote wa kitabaka, lakini uchambuzi wa mgogoro huo hufanywa na wengine, naye huishia kuhudumu baa. Kiswahili kinalifichua jambo hili kuliko Kiingereza. Mfasiri wa Kiswahili hana budi kuchagua kati ya -oa na -olewa, na kwa kuchagua nitaolewa anamwahidi msomaji kauli ya mwanamke. Ahadi hiyo haitekelezwi. Katika kijiji ambako wanawake walikuwa nguzo ya kituo, pengo hilo haliwezi kusingiziwa ukosefu wa watoa habari.

Lipo pia suala la tafsiri. Nitaolewa Nikipenda iliwafikia wasomaji ambao hawakuwahi kumsahihisha mtu neno lolote, na kwao kazi ya aina ya pili imegeuka kuwa ya aina ya kwanza. Mhakiki anayeichambua leo darasani kwa vigezo vya dhamira na wahusika peke yake huukamilisha mgeuko huo, kwa kuwa huwaacha nje wanakijiji waliokuwa na haki ya kumkatiza mwandishi.